Baba ana kansa ya ini, tumnyime mafuta?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu kakutwa na kansa ya ini mwezi uliopita, sasa jirani katuambia seli za kansa zinajijenga kwa mafuta, basi mama kaacha kabisa kupikia mafuta, mboga zinachemshwa tu na baba anazidi kukonda. Ni kweli mafuta ndo yanailisha kansa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Jirani kashika nusu ya habari.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, tabaka mbili, na mafuta yenyewe si ya aina moja. Angalia mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, yameganda kwenye chupa, wakati ya alizeti pembeni yake bado yanamiminika, ila ukiyaacha wazi hayo ya alizeti ndo yanawahi kuchacha. Sasa kwenye kansa ya ini utando mara nyingi unapungukiwa na mafuta ya jamii ya alizeti, unazidiwa na yale magumu na ya jamii ya zeituni. Seli inafaidika hapo, maana utando wake hauchachi kirahisi, na baadhi ya dawa zinaua seli kwa njia hiyohiyo ya kuuchachisha utando, kwa hiyo zinapata shida.

Inayatoa wapi? Mengi inayatengeneza yenyewe humohumo ndani, kwa sukari! Kimeng'enya cha kuyaunda kinaitwa FASN na kwenye vivimbe vingi vya ini kinafanya kazi kupita kiasi. Kwa hiyo mkimnyima mzee kijiko cha mafuta kansa inaendelea kujipikia, anayeisha ni yeye, na mgonjwa wa ini misuli inakwisha haraka sana, akidhoofika hata matibabu hayawezi.

Mama arudishe mafuta kwenye mboga leo hii, kwa kiasi, mzee ale kidogokidogo mara nyingi na asilale bila kula kitu, hata uji. Tumbo likijaa maji punguzeni chumvi na mumuone daktari wake. Karanga na mahindi yenye ukungu tupeni, sumukuvu ni chanzo kimojawapo cha kansa hii.

Na nyie watoto mkapime homa ya ini B, maana nayo ni chanzo kingine cha kansa hii. Tanzania chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga 2002, kama umezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata, ukikutwa huna virusi wala kinga unachanjwa, dozi tatu.