Madiran haitaki haraka

Chupa yangu ya kwanza ya Madiran, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, niliimwaga kwenye sinki. Nilikuwa mgeni katika mji wa Toulouse huko huko Ufaransa, nikaiona dukani kwa bei ya kuvutia, nikaitia kwenye friji kama soda, na jioni nikaifungua kwa samaki wa kukaanga. Funda la kwanza tu, ulimi ukakauka na midomo ikakaza, kama niliyekula zambarau mbichi. Samaki naye akawa na ladha ya chuma. Nikasema mvinyo umeharibika.

Kumbe ndivyo ulivyo. Madiran hutoka kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Pau, na zabibu yake kuu ni Tannat. Zabibu hiyo imejaa tanini, zile zile zinazotia ukakasi kwenye bibo na kwenye chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Tanini hunasa protini za mate, utelezi ukaisha mdomoni. Baridi huzidisha ukali wake, na samaki hana mafuta mazito kama ya nyama ya kuutuliza. Mimi nilikosea yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja jirani yangu, wa ghorofa ya chini. Jumapili moja alinialika chakula cha mchana. Nilipofika, Madiran ilikuwa kwenye jagi tangu asubuhi, nyeusi tititi, na chupa tupu pembeni yake ilikuwa na umri wa miaka minane. Mezani palikuwa na paja la bata lililopikwa polepole ndani ya mafuta yake. Nilionja kwa woga. Zambarau zilikuwepo, ila sasa zimeiva. Zikafuatiwa na chokoleti chungu, kisha harufu kama ya mkoba mpya wa ngozi. Ukakasi ulibaki, lakini kila tonge la bata lilikuja kuufagia, na kila funda likasafisha mafuta ya bata.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tazama mwaka. Ya miaka miwili mitatu mara nyingi bado ni kali, japo si zote: mtengeneza mvinyo wa huko huko Madiran, Patrick Ducournau, ndiye aliyebuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni kwenye mvinyo ili tanini zilainike mapema. Ukiwa na chupa changa, imimine kwenye jagi ipate hewa, saa mbili au tatu kabla ya kula. Na mlioko Dar au Mombasa, msidanganywe na ushauri wa “joto la chumba”; chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Nusu saa kwenye friji inatosha.

Bata si lazima. Mbuzi choma mwenye mafuta anafaa sana, ila pilipili weka mbali, maana huamsha ukali upya. Bibi yule alikuwa mkali kuliko mvinyo wake: glasi ya pili hakunimiminia mpaka nilipomaliza paja.