Maswali yenu: ubao wa picha, macho ya papa (baba) na bei ya motari (dereva wa pikipiki ya abiria)

Yaya (mkubwa wangu), mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo na hasemi. Nilianza kumchorea ubao wa picha. Jirani ananiambia nitamfanya mvivu wa kusema. Niache? (Mama wa Ndosho, hapa Goma)

Usiache, mama. Hofu ya jirani ni ya wengi, lakini tafiti hazijaona picha zikimzuia mtoto kusema. Kwa wengine hata maneno yameongezeka.

Ila ubao wenyewe nitausuta kidogo. Umechora maji, chakula, choo, kulala. Hiyo ni orodha ya mgonjwa kitandani! Mtoto wa miaka 6 anataka pia «sitaki», «tena», «nani huyo?», na neno moja la kumchokoza kaka yake. Kartoni na kalamu vinatosha. Funika picha kwa mkanda wa plastiki, maana vumbi letu la mawe ya volkano halina huruma. Ukiongea naye, gusa wewe pia picha hizo hizo. Atajifunzaje lugha ambayo haoni mtu akiitumia?

Kisha umngoje. Hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kumjibia. Mimi natembea kwa mikongojo, kinywa ninacho, na bado watu wanamuuliza aliye pembeni yangu kama nina njaa.

Papa alipata kiharusi. Hasemi, mikono haisogei, ila macho yanatufuata. Tutajuaje anachotaka? (Kijana wa Katindo)

Anzeni na ndiyo na hapana: akitazama juu ni ndiyo, chini ni hapana. Kupepesa macho kutawachanganya, kila mtu hupepesa. Mjaribuni kwa maswali ambayo majibu yake mnayajua: «Hapa ni Bukavu?» Akikosea mara nyingi, huenda kiharusi kimegusa maneno yenyewe, herufi hazitamsaidia sana, tumieni picha na vitu halisi, na mumweleze daktari mlichokiona.

Akipatia, msomeeni herufi moja moja mpaka atazame juu. Mfaransa mmoja aliyepooza karibu mwili mzima mwaka 1995 alitunga kitabu hivyo, kwa jicho la kushoto tu. Herufi zake zilipangwa kulingana na Kifaransa, E ikitangulia. Kiswahili kina mpango wake: karibu kila neno linaishia na irabu, na A inajirudia kuliko zote. Basi anzeni na A, I, U, E, O, halafu N, K, M, W. Q na X hamtazihitaji, isipokuwa papa ni wa kuandika Kifaransa. Hilo pia muulizeni yeye.

Dada yangu ni kiziwi. Je, alama anazotumia zilitoka Ufaransa? Na kwa daktari nimsemee?

Kwa sehemu kubwa zilitoka Marekani. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na kazi yake ikafika nchi nyingi za Afrika, zinazotumia Kifaransa zikiwemo. Kwa daktari, tafsiri, usijibu. Kaa pembeni ya daktari ili dada akuone wewe na yeye kwa pamoja, na kila kinachosemwa chumbani mfikishie, hata kama kinakutia haya.

Motari ananidai bei mara mbili kwa sababu ya mikongojo. Sheria inasemaje?

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo (RDC) inatupa haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, na kuna sheria ya 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Unapoonewa kila mara, ipeleke kesi kwa wakubwa wa wamotari mkiwa wengi, kupitia chama cha walemavu. Ukienda peke yako watakupa pole na maji ya kunywa.

Lakini pale Birere, saa kumi na mbili jioni, mvua ikianza, hakuna anayesoma ibara. Mimi napatana bei kabla ya kumkabidhi mikongojo. Akishaifunga kwenye pikipiki, bei ni yake.