Ufaransa imeondoka kweli?

SWALI: Mhariri, nasikia jeshi la Ufaransa limefukuzwa Afrika yote, ni kweli au maneno tu ya mitandaoni?

JIBU: Ndugu msomaji, sio yote. Mali waliondoka Agosti 2022, Burkina Faso Februari 2023, Niger Desemba 2023, na huko kote ni wanajeshi waliopindua serikali ndio waliowaambia fungasheni, watu wakashangilia barabarani maana miaka karibu kumi ya operesheni na magaidi bado walikuwa wanachinja vijiji. Chad ikavunja mkataba wake wa ulinzi na Ufaransa Novemba 2024, Januari 2025 kambi ya N'Djamena ikakabidhiwa. Senegal mimi ndio imenigusa zaidi, pale hakuna mapinduzi, rais aliyepigiwa kura alisema tu uhuru wa nchi hauendani na kambi za kigeni, na Julai 2025 Camp Geille pale Dakar ikarudi mikononi mwa wenyewe, miaka 65 baada ya uhuru jamani! Ila Djibouti bado wapo, kama askari 1,500 hivi, mkataba umeongezwa 2024. Na faranga ya CFA, sarafu iliyoanzishwa na Ufaransa enzi za ukoloni, bado inatumika Senegal, Mali, Chad na kwingineko, hiyo ndio inayoniuma.