Ubepari, Marx na nani anaweza kusubiri: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Iringa na Mbeya, na karibu zote zinabishania jambo moja: kati ya ubepari na nadharia ya uchumi ya Karl Marx, upande gani una hoja? Tumechagua nne. Bei za mifano ni za kukokotolea tu. Weka za kwenu, hesabu itakwenda vilevile.

Shikamooni walimu. Nipo kidato cha sita. Tuna mdahalo wenye mada "Ubepari unamnufaisha mfanyakazi kuliko uchumi wa Marx", nami nimepangwa upande wa kupinga. Naomba mnifundishe kukokotoa thamani ya ziada na mniambie upande wa pili watanibana wapi.
*Mwanafunzi, Iringa Mjini*

Marahaba, mwanetu. Usianze na neno unyonyaji. Anza na hesabu, unyonyaji utajionyesha wenyewe.

Chukua mashine ya kupasulia mbao, dingdong, pale Mafinga. Ina vibarua 8, kila mmoja analipwa shilingi 10,000 kwa siku, jumla 80,000. Huo Marx anauita mtaji unaobadilika, maana kwake nguvukazi ndiyo bidhaa pekee inayozaa zaidi ya ilivyogharimu. Magogo ya siku hiyo ni 270,000, dizeli 40,000, uchakavu wa mashine 10,000. Hiyo 320,000 ni mtaji usiobadilika: thamani yake inahamia kwenye mbao bila kuongezeka. Mbao zinauzwa 520,000. Toa gharama zote, 400,000, inabaki 120,000. Hiyo ndiyo thamani ya ziada.

Sasa igeuze iwe saa. Thamani mpya iliyozaliwa siku hiyo ni 520,000 kutoa 320,000, yaani 200,000. Vibarua wamechukua 80,000, asilimia 40. Kama siku yao ni ya saa 10, saa 4 wamejilipa wenyewe, saa 6 wamemfanyia mwenye mashine. Kiwango cha unyonyaji ni 120 kwa 80, asilimia 150. Mwenye mashine naye atakwambia anapata asilimia 30 tu, kwa kuwa anagawa 120 kwa 400. Wote wawili wamepiga hesabu sahihi kwenye daftari moja, ila mmoja anapima dhidi ya ujira na mwingine dhidi ya gharama zote. Lieleze hili polepole, ndipo mdahalo wenyewe ulipo.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye mashine, wakaingiza bei yake nzima kwenye siku moja. Mashine ya milioni 6 itakayofanya kazi siku 600 inapeleka 10,000 tu kwa siku kwenye mbao. Wengine hudhani ile 120,000 yote inaingia mfukoni mwa tajiri. Humo humo hutoka riba ya benki, kodi ya kiwanja na faida ya mfanyabiashara atakayesafirisha mbao. Mgawanyo huo umo kwenye juzuu ya tatu ya *Das Kapital*, kitabu kikuu cha Marx, ambayo rafiki yake Engels aliichapisha mwaka 1894, Marx akiwa ameshafariki.

Watakuuliza: mzembe akitumia siku mbili kupasua ubao mmoja, ubao wake utakuwa na thamani kubwa zaidi? Hilo ni jepesi. Marx hahesabu kazi ya mtu mmoja mmoja, anahesabu muda wa kazi unaohitajika kijamii, yaani wastani wa fundi wa kawaida mwenye zana za kawaida za wakati huo. Anayepasua kwa msumeno wa mkono hapati bei ya siku zake mbili, anapata bei ya dingdong.

Hoja ngumu inatoka msituni. Mpaina unapandwa, unapaliliwa miaka ya mwanzo, unapogolewa, unachongewa barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, kisha unangojwa mpaka miaka 15 na kupita. Kazi ni chache, muda ni mrefu, na bei inapanda kila mwaka. Ikiwa thamani inatokana na kazi tu, ile miaka ya kungoja inalipiwa nini? Mwanauchumi wa Austria, Eugen von Böhm-Bawerk, alimkosoa Marx vikali mwaka 1896 katika eneo hili. Marx hakuwa kipofu. Kwenye juzuu ya pili, iliyotoka 1885, anaizungumzia misitu na kutenganisha muda wa kazi na muda wa uzalishaji. Kwenye juzuu ya tatu anakubali kuwa bei haziifuati kazi moja kwa moja, kwa sababu kila mtaji hudai faida ya wastani kulingana na ukubwa wake na muda uliofungwa. Wapinzani wako watasema hapo nadharia imevuja. Sisi tunaona wana hoja, na ukijaribu kuiruka utaanguka.

Kubali kwamba kungoja kuna bei, kisha uliza: ni nani mwenye uwezo wa kungoja? Mufindi na Njombe wapo wakulima wadogo wanaouza miti michanga kwa sababu ada ya shule imefika au mgonjwa yuko hospitali. Anayenunua anaweza kukaa nayo hadi ikomae, na bei ya miaka iliyobaki inakuwa yake. Kwa hiyo malipo ya subira hayaendi kwa mwenye moyo wa subira, yanakwenda kwa mwenye akiba. Hapo mtaje Adam Smith, ambaye watetezi wa soko huria humwita baba yao. Mwaka 1776 aliandika kwamba katika mvutano wa ujira tajiri anaweza kukaa mwaka au miwili akila akiba yake bila kuajiri mtu, ilhali wafanyakazi wengi hawawezi kumaliza wiki bila kazi. Watapata taabu kumkana.

Nina mashine ya kukoboa mpunga, naiendesha mwenyewe na kijana mmoja ninayemlipa. Shemeji yangu ananiita bepari. Kwa Marx, ni kweli?
*Mwenye mashine, Ubaruku, Mbarali*

Hapana, ndugu yetu. Bepari kwa Marx ni mtu anayeishi kwa kazi ya wengine na kugeuza sehemu ya ziada hiyo kuwa mtaji mpya. Kwenye juzuu ya kwanza, ya mwaka 1867, alitoa mfano wa kukokotoa: ikiwa kila mfanyakazi anajilipa kwa saa 8 na kumfanyia bosi saa 4, bosi anahitaji wafanyakazi 2 ili aishi kama mmoja wao bila kufanya kazi. Akitaka kuishi mara mbili ya hapo na kurudisha nusu ya ziada kwenye mtaji, anahitaji 8. China ilipofungua milango kwa biashara binafsi baada ya 1978, kikomo cha mfanyabiashara mdogo kiliwekwa kwenye waajiriwa 7, na mfano huo wa Marx ndio uliotumika kukitetea. Wewe una mmoja. Mwambie shemeji wewe ni mzalishaji mdogo, na huyo kijana mlipe kwa wakati.

Baba yangu alilima Ismani enzi zile. Anasema vijiji vya ujamaa vilishindwa, basi Marx naye alishindwa, hakuna cha kujadili. Ni sahihi?
*Msomaji, Iringa Vijijini*

Mzee ana haki ya uchungu wake, lakini anamlipisha Marx deni ambalo sehemu kubwa si lake. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, aliujenga juu ya familia ya Kiafrika na kukataa kwamba lazima matabaka yapigane. Marx anaanzia kwenye matabaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, mabenki yakiwa ya kwanza, na hapo ndipo mawazo hayo mawili yanakaribiana. Ila Marx hakuacha mwongozo wa namna serikali ipange bei ya mahindi. Aliuchambua ubepari kurasa kwa kurasa, na juu ya utakaoufuata aliandika machache mno. Huo ni upungufu wa kweli, na wafuasi wake waliulipia.

Ismani yenyewe ingemfaa Marx kuliko vijiji vingi vya nchi hii. Tangu miaka ya 1950 palikuwa na wakulima wakubwa wenye matrekta, waliokodi ardhi na kuajiri vibarua kulima mahindi ya kuuza. Matabaka yalionekana kwa macho. Mashamba yalipoanza kuchukuliwa kwa ajili ya vijiji vya ujamaa, mvutano ukawa wa damu: Desemba 25, 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima kwenye mzozo wa shamba. Kisha, Novemba 1973, ikatoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vya pamoja. Kuhamisha watu kwa amri hakukubadilisha nani anamiliki nini kwenye uzalishaji. Kulibadilisha umbali wa kwenda shambani, na kwa wengi ukaongezeka.

Kuna kipande ambacho baba yako huenda anakikumbuka kwa wema. Miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa mnunuzi. Mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, nauli ikabebwa na shirika. Kwa sababu hiyo, pamoja na mbolea ya ruzuku, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa mikoa mikuu ya mahindi. Mtetezi wa soko atasema bei ile ilificha umbali. Friedrich Hayek, mwanauchumi mtetezi wa soko huria, mwaka 1945 alieleza kwamba bei hubeba habari ambazo hakuna ofisi moja inayoweza kuzikusanya zote: wapi kuna uhaba, wapi barabara ni mbovu, nani anaweza kulima nini kwa nafuu. Ukiigandisha bei, habari hizo hazipotei, zinageuka deni. NMC ikalemewa na madeni, na malipo kwa wakulima yakachelewa. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, kwa hiyo katikati hapo mkulima hakuwa na pa kukimbilia.

Tunavyoona sisi, kilichomuumiza mkulima kuliko vyote ni kubaki na mnunuzi mmoja. Mnunuzi mmoja akiwa serikali, anachelewesha malipo. Akiwa tajiri, anashusha bei. Wapo wanaosifu soko huria huku kijijini kwao anaingia mnunuzi mmoja mwenye fuso moja. Hilo silo soko alilolieleza Smith.

Salaam. Nalima viazi mviringo. Dalali ananunua kwa gunia la lumbesa na kusema bei ni ya soko. Je, huu ndio unyonyaji wa Marx, au ushindani utautibu wenyewe? Nifanye nini?
*Mkulima, Umalila, Mbeya*

Salaam, ndugu yetu. Kwa lugha kamili ya Marx, unyonyaji hutokea kwenye uzalishaji, kati ya mwajiri na mwajiriwa. Wewe una shamba lako, hujauza nguvukazi yako. Linalokupata ni kazi ya mtaji wa biashara: unaachia sehemu ya siku zako za jembe kupitia bei. Maumivu ni yaleyale, mlango ndio tofauti, na dawa yake ni tofauti pia.

Weka mzani kwanza. Gunia la kilo 100 kwa 60,000 ni shilingi 600 kwa kilo. Likishonewa kipande juu likafika kilo 130 kwa bei ileile, umeuza kwa 461. Umetoa kilo 30 bure, yaani 18,000, na kwa magunia 40 ni 720,000.

Sasa mtendee dalali haki, maana naye ana gharama. Tuseme bei ya jumla Dar es Salaam ni 900 kwa kilo. Usafiri 120, gunia na upakiaji 40, ushuru 20, viazi vinavyooza njiani asilimia 5, yaani 45. Jumla 225, inabaki 675. Angekulipa 600 angebaki na 75 kwa kila kilo, ujira wa haki kwa kazi na hatari yake. Kwa lumbesa anabaki na 214. Ile 75 analipwa kwa huduma. Nyongeza ya 139 analipwa kwa sababu viazi vyako vimeshachimbwa, vipo juani, na jioni inaingia.

Ushindani unatibu pale tu wanunuzi wanapokuwa wengi, bei zinapojulikana na kipimo kinapokuwa kimoja. Lumbesa inaua hilo la tatu, kwa hiyo hata madalali kumi wakishindana, hamjui wanashindania nini. Sheria ya Vipimo iko upande wako: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wa kupelekewa malalamiko.

Usichimbe kabla ya kukubaliana bei kwa kilo. Viazi vikikomaa kata majani, uviache ardhini kama wiki mbili. Ganda linakuwa gumu, havichubuki kwenye gunia, nawe unapata muda wa kupiga simu kwenye masoko mawili, tuseme Mwanjelwa na Dar es Salaam. Ukizidisha sana, wadudu na mvua vitakuwahi. Jiungeni majirani wa kutosha kujaza gari moja na mnunue mzani wa kuning'iniza. Kila asubuhi upimeni kwa mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50 ambayo haijafunguliwa: ukisoma tofauti na 100 na uzito mdogo wa mifuko yenyewe, urekebisheni mbele ya mnunuzi. Vilivyochimbwa viwekwe gizani penye hewa, juu ya kichanja. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, vinakuwa vichungu na vyenye sumu, na mnunuzi atakuwa na sababu ya halali ya kukata bei.

Akikataa mzani kabisa, mwambieni achukue gunia lililoshonwa mdomo kwenye ukingo wake, bila kipande cha juu, wote kwa neno moja. Mmoja wenu akikubali lumbesa siku hiyo, gari litajazwa kwake, na wengine mtafuatwa kesho kwa bei yake.