Itambae kwanza, rangi baadaye

Injini yangu ya kwanza ya garimoshi dogo la mfano, la kipimo kiitwacho OO, niliipata kwa muuza mitumba hapa Uingereza ninakoishi: ya mvuke kwa sura, mota ya umeme ndani, magurudumu manne, mwili wa plastiki tupu. Nilikulia Nairobi, na kwangu garimoshi ni ile namba 5918, Mount Gelai, iliyopo makumbusho ya reli. Ni Garratt, aina ya injini kubwa ya mvuke inayopinda kwenye kona, yenye uzito wa zaidi ya tani 250, iliyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950, ya rangi ya damu ya mzee. Nilitaka hii ndogo ivae rangi ile ile, kwa hiyo nikaanza na rangi. Ilipendeza sana mezani. Nilipoiwekea umeme ilichomoka kama panzi, ikafika kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, ikazima.

Tangu hapo sigusi brashi kabla injini haijaweza kutambaa, yaani kwenda polepole bila kusita.

Umeme wa volti 12 unatoka relini, unapitia magurudumuni hadi kwenye mota. Katikati ya pointi nyingi za bei rahisi pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Injini fupi ikiwa nyepesi na magurudumu yake machafu, itazima papo hapo. Igeuze, sugua magurudumu kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili, rudia mpaka pamba itoke safi. Kisha tazama vile vibamba vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa nyuma. Kilicholegea kikunje kidogo kwa kibano. Oili ni tone moja la ncha ya sindano kwenye ekseli, basi. Ikifika kwenye ukingo wa gurudumu, injini itateleza.

Uzito ndio uliobadilisha yangu kuliko kitu kingine chochote. Niliongeza gramu 40 za vipande vya risasi, ile metali nzito laini, ndani ya boila, nikiipima juu ya penseli iliyolala mpaka ikasawazika katikati ya ekseli mbili. Usizidishe, mota itapata joto. Risasi ni sumu: vaa glavu, nawa mikono, usiikate jikoni, na watoto wakae mbali.

Tafadhali usiigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mimi nilifanya hivyo. Gundi ile huila risasi polepole, risasi ikavimba, na baada ya miezi kadhaa boila ikapasuka ubavuni, pamoja na rangi yote niliyoihangaikia. Tumia epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili.

Ikishatambaa bila kusita, sasa ipambe. Vishikio vya pembeni kwenye injini rahisi huwa ni mistari iliyovimba tu juu ya plastiki. Vikwangue kwa wembe mpya, lainisha kwa msasa wa maji namba 600 kisha 1000, toboa kwa drili ya mkono ya milimita 0.5, ingiza waya wa shaba wa 0.45. Kazi hiyo inachosha macho, lakini hakuna inayolipa kama hiyo. Gundi kali ya haraka iepushe na vioo vya chumba cha dereva, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Osha mwili kwa sabuni ya vyombo, uache ukauke, ndipo upake tabaka nyembamba. Damu ya mzee halisi huonekana nyeusi mno kwenye kitu kidogo, hivyo naichanganya na kijivu kidogo. Ukifuata mtindo wa zile Garratt usirundike makaa ya mawe, kwani zilichoma mafuta mazito. Mimi hupaka masizi kuzunguka dohani, na chini ya vali huvuta mstari mwembamba mweupe, ile chokaa inayobaki maji yakishakauka juu ya chuma cha moto.