Je, malipo ya wachezaji yameharibu michezo ya vyuo vikuu Marekani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia vyuo vikuu vya Marekani sasa vinaruhusiwa kuwalipa wanafunzi wanaovichezea. Je, si fedha hizo zinazoiua michezo ya ridhaa?

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zilikuwamo kitambo kabla ya mchezaji kuruhusiwa kuzigusa. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliizuia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuhodhi haki za kuonyesha soka la Kimarekani kwenye televisheni, na tangu hapo vyuo na ligi zao vikawa huru kujiuzia mechi zao. Mwaka 2010 NCAA yenyewe iliuza haki za mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Miaka yote hiyo mchezaji aliambulia ufadhili wa masomo, malazi na chakula, ilhali makocha walivuna mamilioni: Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipomwachisha kazi kocha wake wa soka la Kimarekani, Jimbo Fisher, mwaka 2023, kilibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa kuukatisha mkataba wake. Sharti la ridhaa lilimbana mchezaji peke yake, na hilo kwangu ni dhuluma.

Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kunufaika kibiashara na majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA: fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita, pamoja na ruhusa ya kila chuo kugawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Madhara ninayoyaona mimi yanatokana na kukimbilia mikataba ya televisheni. Kwa sababu hiyo UCLA, chuo cha California, tangu 2024 kimo katika ligi moja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa nchi, na safari hizo ndefu zinawakosesha vipindi vya darasani hata wachezaji wa voliboli, ambao mchezo wao haukuleta mikataba hiyo. Aidha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato hutoka kwenye soka la Kimarekani na kikapu cha wanaume, ndiko mgawo mkubwa unakoelekea, na michezo kama kuogelea inaweza kufutwa. Sheria ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na kwa kuitegemea, baadhi ya wanamichezo wa kike wamekata rufaa kupinga mgawo wa ile fidia ya dola bilioni 2.8.