Aliyetishia kukukatia stima Kayole

Dada yangu wa Kayole, mtaa wa Nairobi, pole kwa hofu aliyokutia mbele ya watoto huyo aliyetishia kukukatia stima. Mtu mwenye jaketi la kung'aa na koleo mkononi, anayetaka shilingi 3,000 zitumwe kwa namba yake ya simu la sivyo akate stima, usimlipe hata kidogo. Malipo ya Kenya Power, kampuni ya umeme, kwa M-Pesa hupitia Paybill 888880 kwa tokeni (umeme unaolipiwa kabla ya kutumia) na 888888 kwa bili ya mwezi, na kabla malipo hayajakamilika simu hukuonyesha jina la mpokeaji, nawe ulisome polepole. Akirudi, abaki nje ya geti huku ukipiga 97771, namba ya huduma kwa wateja ya Kenya Power, wewe mwenyewe, wala si namba atakayokupa yeye. Deni lako halisi utalipata kupitia *977#.